Zima Hiyo Moto

Jumamosi ile niliteremka ngazi za nyuma bila viatu, mtoto kiunoni, mwiko wa ugali mkononi, kwa sababu ndio nilikuwa nao wakati chumba kilipojaa moshi tena. Nikaanza kupiga mlango wa gereji namba nne. Ni mlango wa bati, wa kuinua kwenda juu, na ukiupiga kwa mwiko uwanja mzima unasikia. Ndani injini ilikuwa inanguruma, inafifia, inanguruma tena. Nilipiga mpaka ugali uliokaukia kwenye mwiko ukaniruka usoni.

"Zima moto! Nasema zima hiyo moto!"

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alikuwa anapumua kwa ile filimbi nyembamba inayotoka kifuani kabla ya kikohozi, na mimi nilikuwa naihesabu filimbi hiyo huku napiga bati.

Kwetu Bukavu moto ni pikipiki. Mtu anapanda moto, anauza moto, anavunjika mguu kwa moto. Moto wa kupikia nao unaitwa moto, na hakuna anayechanganya, maana hakuna mtu anayepanda jiko. Lakini jirani wa nyumba namba nane ni Mtanzania, mtu wa Tanga, na aliposikia mwanamke analia uwanjani kwamba wazime moto, alielewa kama mtu wa Tanga anavyoelewa. Nilisikia kandambili zinapiga ngazi mbio. Akatokea nyuma yangu na ndoo ya maji, ndani yake soksi alizokuwa ameloweka.

Na hapo mwiko wangu ulibaki hewani. Kwa sababu huyu wa namba nane ndiye niliyeamini yuko ndani ya gereji. Ndiye niliyemtukana wiki nzima mbele ya jengo zima. Sasa kama yeye yuko nje, ndani kuna nani?

"Uko wapi? Moto uko wapi?"

"Humu ndani," nikasema.

Akaushika mlango, akauinua mara moja, akamwaga ndoo yote gizani bila kuangalia. Ikasikika shhhh ndefu, mvuke ukapanda hadi dari, injini ikakohoa na kufa. Tulisubiri. Mvuke ulipotawanyika tukaona mtu ameketi juu ya kreti ya soda, amelowa kuanzia kichwani, bisibisi mkononi, soksi ya kijivu begani.

Alikuwa mume wangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wakisikia habari hii wanacheka kabla sijafika mahali penyewe.

Tunaishi Berea, huku kwa Wazulu, katika jengo la zamani la ghorofa tatu. Nyumba yetu ni namba mbili, upande wa nyuma, na chini ya chumba cha mtoto kuna gereji nne za safu. Kila gereji ina tundu la hewa juu ukutani, na tundu la gereji namba nne liko chini kabisa ya dirisha la binti yangu. Ukinyoosha mkono dirishani na ufagio unaligusa. Dirisha lile nalo lina mambo yake. Ukiliacha wazi sana nyani wadogo wanaingia kuiba ndizi, ukilifunga chumba kinakuwa kama tanuri. Kwa hiyo linakaa wazi vidole vinne, kiangazi chote.

Ni kwenye vidole vinne hivyo moshi ulipitia. Jumamosi ya kwanza nilidhani mtu anachoma takataka. Jumamosi ya pili niliijua harufu kuwa si ya takataka: ilikuwa tamu, nzito, kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa jikoni, na ilishika kwenye pazia, kwenye shuka, kwenye nywele za mtoto. Jumatatu yake filimbi ilianza kifuani.

Kliniki nesi aliniuliza, "Nani anavuta sigara nyumbani?"

"Hakuna."

Akamsikiliza mtoto mgongoni. "Mama, nani anavuta?"

"Tumeokoka. Mume wangu hata bia hanywi."

Akaandika kitu kwenye kadi bila kuniangalia. Nilipotoka nikasoma: moshi nyumbani. Alinipa pampu ya bluu ya kuvutia dawa na kibarakoa cha plastiki, akaniambia kama filimbi haiishi baada ya pampu nisikae, niende hospitali moja kwa moja, nisingoje baba arudi wala chakula kiive. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwongo.

Mimi si mwongo. Nilirudi nyumbani na kadi ile na nikaanza kumshuku kila mtu anayepumua ndani ya jengo letu. Bibi wa ghorofa ya juu na ubani wake. Wanafunzi wa namba sita na makaa yao ya kuchomea nyama. Lakini moshi ulikuja Jumamosi mchana tu, na ulitoka chini, na ulikuja na sauti ya injini. Mwenye injini ndogo uwanjani alikuwa mmoja. Namba nane ana skuta, anapelekea wateja vioo vya simu, na skuta hiyo anaiegesha mbele ya gereji namba nne.

Nilimkuta anaifuta kioo cha pembeni.

"Kaka, skuta yako inamuua mwanangu."

"Hii?" Akaipiga tandiko. "Dada yangu, hii haitoi moshi. Njoo unuse."

"Sina haja ya kunusa makalio ya skuta yako."

"Basi ulaumu nyani. Labda wameanza kuvuta."

Akacheka, na mtu akinichekea habari za mtoto nimeshamfungia hesabu. Jioni ile niliandika kwenye kundi la WhatsApp la jengo, kwa Kiingereza changu chote, kwamba wa namba nane anatia sumu watoto. Watu wakaweka alama za hasira. Wanafunzi wakambandika jina, Mzee wa Moshi, na ndani ya siku tatu hata watoto wa ghorofa ya juu walikuwa wanamwamkia hivyo ngazini. Msimamizi wa jengo, mama mmoja Mzulu mwenye funguo za kila kitu, alimwita ofisini na kumpa onyo la mdomo.

Usiku wa kundi lile mume wangu alikuwa mezani, anakula sombe, majani ya muhogo. Nilimsomea nilichoandika, neno kwa neno.

"Achana na watu, sheri," akasema; sheri kwetu ni mpenzi.

"Niachane nao na mtoto anapiga filimbi?"

"Sijasema hivyo. Ongeza sombe kidogo."

Nikamwongezea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwongezea.

Yeye Jumamosi mchana alikuwa kwenye kwaya. Ndivyo alivyosema. Saa nane anatoka na koti lake la kwaya mkononi, saa kumi na moja anarudi. Lakini kwaya gani inayomrudisha mtu na kucha nyeusi? Alisema walikuwa wanapanga spika. Sabuni yangu ya vyombo ilianza kuisha kabla ya wakati. Sponji ikawa na rangi ya lami. Na alikuja ananukia limau ya sabuni, na mwanaume anayeoga kabla ya kufika nyumbani kwake, sihitaji kuwaeleza wanawake wenzangu.

Siku moja nikamsikia kwenye simu, amesimama bafuni: "Nitafutie buji zingine. Tatu. Zile za kwanza zote zimekuwa nyeusi."

Alipotoka nikamuuliza buji za nini. Buji, kwetu, ni mshumaa.

"Za kanisa," akasema. "Tunajitayarisha kwa Noeli."

Kanisa letu ni la uamsho. Tuna ngoma, tuna gitaa tatu, tuna taa za rangi zinazozunguka. Mshumaa hatujawahi kuwasha hata mmoja, hata siku umeme unapokatika mchungaji anahubiri kwa tochi ya simu. Kesho yake nilimpigia mke wa kiongozi wa kwaya, nikajifanya nauliza habari za sare. Akaniambia kwaya imehamia Alhamisi, mwezi sasa umepita. Jumamosi hakuna kitu.

Basi nikajua ni mwanamke. Nilichoka tu kutojua ni yupi.

Simu yake haina siri kubwa, namba ya kufungulia ni siku aliyozaliwa binti yetu. Alipoingia kuoga nikaifungua. Hapakuwa na mwanamke. Kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanaume, namba ameiandika Jacobs tu, jina la mtaa wa viwanda. Mtanzania kwa lafudhi yake, mcheshi, nyuma yake mtu anagonga chuma. Ujumbe ulisema hivi: "Sikiliza kaka. Ukishaifunga ile, itakuwa na njaa. Usiogope. Wewe iongezee mafuta. Ikikataa, iongezee tena mafuta. Utasikia yenyewe itakavyolia."

Nilisikiliza mara sita, nimekaa pembeni ya kitanda, maji yanamwagika bafuni. Nani ana njaa? Nani anaongezewa mafuta? Na itakavyolia, italia nini? Nilirudi kazini saluni na maneno hayo kichwani, nikamsuka mteja mmoja mistari iliyopinda mpaka nikalazimika kuifumua yote. Nilimweleza mwenzangu wa kiti cha pili. Akasimamisha kitana hewani.

"Labda amefuga nguruwe," akasema.

Sasa turudi gereji.

Mvuke umeisha. Mume wangu amelowa. Mbele yake kuna pikipiki ya zamani, nyekundu iliyofifia, ya ile injini ya kizamani inayochanganyiwa oili na petroli ndani ya tangi moja. Tandiko limeshonwa kwa uzi wa viatu. Lakini ubavuni kulikuwa na kitu kipya kinachong'aa: bomba la moshi, limetoka mbele ya injini likiwa jembamba, likanenepa katikati kama tumbo la mjamzito, kisha likajibana tena mpaka kwenye mkia mfupi usiozidi kiganja. Limefungwa kwa springi mbili. Bomba la zamani, zito, lenye kizuia sauti ndani, lilikuwa limetupwa kwenye kona, na juu yake koti la kwaya.

"Sheri," akasema, "gereji niliikodi mimi. Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

"Ikishakuwa sawa. Ningekupakiza, tuzunguke Westville, mtoto katikati."

"Mtoto gani? Huyu anayepiga filimbi?"

Akafuta maji usoni. Namba nane alikuwa amekwisha sahau ndoo yake. Aliingia, akachutama, akapitisha kidole ndani ya mkia wa lile bomba, akakitoa kikiwa cheusi na kinateleza. Akakinusa.

"Kaka, unachanganya oili kiasi gani humu?"

"Mafuta? Kwanza kikombe kimoja kwa bidoni, hili dumu. Kisha nilipofunga eshapema mpya, hili bomba, ikaanza kufa. Nikaweka vikombe viwili. Bado inakufa, inachafua buji. Sasa niko kwa vitatu."

"Vitatu? Nani alikwambia?"

"Fundi wa Jacobs. Alisema iko na njaa, niongeze mafuta."

Aliponiona namna ninavyomtazama aliacha kusema. Nikamsaidia. Nilimsomea ujumbe wote kwa kichwa, tangu sikiliza kaka hadi itakavyolia, na sauti ya yule fundi nikaiiga.

"Ulifungua simu yangu?"

"Wewe ulifungua gereji."

Namba nane alikuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, mabega yanatikisika. Nilidhani anakohoa kwa ule moshi. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "gari ikiishiwa mafuta barabarani, inaishiwa nini?"

Mume wangu akamtazama. Nikaona linaingia polepole, kuanzia kwenye nyusi.

"Esanse," akasema kwa sauti ndogo.

"Petroli, ndiyo. Sisi tunaita mafuta. Huyo fundi ni wa kwetu. Alikuwa anakwambia bomba hili jipya linavuta sana, kwa hiyo ubadilishe jeti ya kabureta, uweke yenye tundu kubwa, petroli ipite nyingi. Wewe umezidisha oili. Na ukizidisha oili, petroli inakuwa imepungua. Injini ina njaa, wewe unaipaka mafuta ya nywele."

"Lakini sisi mafuta ni ya kupaka. Na ya kula. Na ya moteri, hii injini."

"Najua sasa."

Wote wawili wakaitazama ile pikipiki kwa huruma. Mimi sikuwa na huruma. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto, najumlisha. Kikombe kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na vyote vimepanda kwenye tundu la hewa, vimepita vidole vinne vya dirisha, vimeingia kifuani mwa mtu ambaye hajui hata kusema neno moshi. Nesi aliuliza nani anavuta. Nilimjibu kwa kiburi.

"Buji za Noeli ziko wapi?" nikauliza.

Akafungua kopo la maziwa ya unga. Ndani zilijaa plagi, nyeusi, zinanuka. Buji kumbe ni hizo pia. Hakunidanganya neno, alinidanganya kanisa.

"Na siku ile," nikasema, "nilipokusomea niliyoandika juu ya huyu. Ulikuwa unajua."

"Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza."

"Ndiyo maana."

Nikamgeukia namba nane. Kuomba radhi si kazi yangu nzuri, lakini nilisimama sawa. "Nilikukosea. Nitaandika kwenye kundi."

"Yameisha, shemeji. Nirudishie tu soksi yangu."

Mume wangu akaitoa begani na kumpa.

Jioni ile aliapa. Hatawasha tena chini ya chumba cha mtoto. Wiki ijayo atamwomba fundi aje na pikapu, waipeleke Jacobs, kwenye uwanja ambao juu yake hakuna mtu anayelala. Aliapa huku anamshika mtoto mguu. Mtoto alikuwa anatafuna kile kibarakoa cha plastiki na kumtazama, na nadhani yeye pia hakuamini.

Kwa sababu sikuamini. Mtu aliyekula sombe yangu vile anaweza kula chochote. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda saluni, nilipita gereji na uzi mweusi wa kusukia. Nikaufunga kwenye komeo la mlango, chini kabisa, mahali ambapo mtu hatazami. Ukifungua mlango unakatika. Jumanne ulikuwepo. Jumatano ulikuwepo. Alhamisi alienda kwaya ya kweli, akarudi anaimba, uzi ulikuwepo, na nikaanza kujiona mimi ndiye mwenye roho mbaya. Filimbi ilikuwa imepungua. Usiku ule mtoto alilala bila pampu.

Ijumaa uzi ulikuwa umekatika.

Jioni nilimfungulia mlango mwenyewe. Nilitaka nione ataniangaliaje. Alinibusu, akauliza kama kuna chai.

Jumamosi, saa nane na dakika zake, nikasikia mguu unapiga kiki. Mara moja, mara mbili, na ya tatu ikawaka. Safari hii haikunguruma na kufifia. Ililia. Ilikuwa sauti ya shaba, kali, inapanda moja kwa moja bila kujikwaa, vikombe vikacheza kwenye kabati. Binti yangu alikuwa amelala. Aliruka kitandani kama mtu aliyemwagiwa maji.

Niliteremka, safari hii na viatu. Mlango ulikuwa wazi. Mume wangu ameshika mshiko wa mafuta, na pembeni yake, ameinama juu ya kabureta, bisibisi ndogo mkononi, ulimi nje kwa umakini, alikuwa namba nane.

"Wewe?" nikasema.

Injini ikazimwa. Namba nane aliinua plagi moja aliyoifunga kwenye tambara safi, kama mtu anayeonyesha jino la kwanza la mtoto.

"Shemeji, angalia rangi. Chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi yenyewe. Tumeweka jeti mpya, oili kikombe kimoja. Moshi umekwisha kabisa."

"Uliniahidi Jacobs," nikamwambia mume wangu.

"Pikapu ya fundi ilikufa," mume wangu akasema. "Na ulilalamikia moshi, sheri. Moshi haiko tena. Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Ni kweli, wingu halikuwepo. Wanaume wawili walinitazama wakisubiri niwasifu. Nikanyoosha mkono hadi kwenye tundu la hewa ukutani, nikaushikilia pale kidogo, kisha nikauweka chini ya pua ya mume wangu.

"Nusa."

Akanusa.

"Inanukia nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo tu. Na huyu wa juu ana mapafu makubwa kiasi gani?"

Namba nane alianza kusema kwamba injini ikiwa na afya moshi wake hauna madhara. Nikamwambia aende akaoshe soksi. Wakati huo huo nikamsikia mtoto kutoka dirishani, na filimbi ilikuwa imerudi, ile ile.

Nilimpa pampu, mara mbili, nikihesabu kama nesi alivyonifundisha. Filimbi ikashuka. Nilikaa naye mpaka pumzi ikawa pumzi. Kisha nikamfunga mgongoni, nikachukua kadi ya kliniki, nikaenda ofisini kwa msimamizi. Mume wangu alinifuata mpaka kwenye geti.

"Unaenda wapi?"

"Kwaya," nikasema.

Msimamizi alikuwa anakula mahindi, redio inaimba injili kwa Kizulu. Nilimwomba fomu ya malalamiko, ile ya karatasi, si WhatsApp. Alifungua droo, akapuliza vumbi.

"Eish, sisi," akasema; kwao sisi ni dada. "Yule yule wa namba nane?"

"Nipe kalamu."

Niliandika taratibu. Alipoisoma aliinua miwani, akaniwekea kidole juu ya mstari wa pili.

"Umekosea hapa. Nyumba ya anayelalamika, namba mbili. Nyumba ya anayelalamikiwa, umeandika namba mbili tena."

"Sijakosea."

Akasoma mpaka mwisho. Akazima redio. Akasoma tena.

"Hii nikiigonga muhuri, barua ya onyo inaenda kwenu. Chini ya mlango wenu wenyewe."

"Iende."

"Ukipata onyo la pili gereji inafungwa."

"Najua. Nilisoma sheria zenu nilipokuwa nataka kumfukuzisha jirani."

Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akagonga muhuri. Nakala yangu ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha ya kadi ya kliniki. Niliandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*Kwa msimamizi na kamati ya jengo. Nalalamika juu ya gereji namba nne, iliyokodishwa kwa mume wangu. Ndani yake kuna pikipiki ya zamani iliyofungwa bomba jipya la moshi lisilo na kizuia sauti. Inawashwa na kurekebishwa kila Jumamosi mchana. Moshi wake unatoka kwenye tundu la hewa na kuingia chumba cha mtoto wangu, ambaye ana shida ya kifua. Nakala ya kadi ya kliniki nimeiambatisha. Kadi inasema moshi nyumbani. Nesi alikuwa sahihi.*

*Malalamiko yangu ya kwanza dhidi ya nyumba namba nane hayakuwa ya kweli, naomba onyo lake lifutwe na asiitwe tena lile jina. Hakuwa na kosa lolote mpaka Jumamosi ya leo.*

*Naomba injini yoyote isiwashwe ndani ya gereji zilizo chini ya vyumba vya kulala, hata kwa dakika moja, hata kwa kupima tu, hata kama rangi ya plagi ni ya chai ya maziwa. Naomba pikipiki hiyo iondolewe ndani ya siku saba. Ahadi ya mdomo nimeshapewa na nimeiona.*

*Anayelalamika na anayelalamikiwa wanalala kitanda kimoja. Kwa sababu hiyo naomba jibu liwe kwa maandishi.*